Lugha ya pamoja isifukie lugha za nyumbani

Wahenga walinena kwamba mwenda tezi na omo marejeo ni ngamani. Nimeukumbuka msemo huo kwa sababu nilisafiri maelfu ya maili hadi jimbo la Fujian, kusini mashariki mwa Uchina, nikidhani kwamba ninakwenda kuchunguza lugha za watu wengine. Nilirejea na maswali kuhusu lugha ya nyumbani kwetu, na kuhusu kalamu nyekundu ambayo sisi walimu huishika kila siku bila ya kuitafakari.

Fujian ni jimbo la pwani linalotazamana na kisiwa cha Taiwan. Wenyeji husema kuwa nchi yao ni mafungu kumi: manane ni milima, moja ni maji, na moja tu ndilo shamba. Uhaba huo wa ardhi uliwasukuma baharini tangu karne nyingi zilizopita, na ndiyo maana vizazi vyao vimetapakaa Taiwan, Ufilipino, Malaysia na Singapore. Milima hiyo hiyo, hata hivyo, ilifanya kazi nyingine ambayo mwanaisimu hawezi kuipuuza. Mabonde yaliyotengana yalizaa lugha zilizotengana.

Kundi kubwa la lugha za huko huitwa Min, kwa jina la mto unaopita Fuzhou, mji mkuu wa jimbo. Lakini Min ya Fuzhou, Min ya Putian, Min ya kusini inayozungumzwa Quanzhou na Xiamen, na zile za milimani, hazielewani. Magharibi mwa jimbo wako Wahakka, nao wana lugha yao. Serikali huziita zote lahaja za Kichina, na kwa upande wa maandishi hoja hiyo ina uzito, kwani wote husoma alama zile zile. Kwa upande wa masikio mambo ni mengine. Ondoa Putonghua, yaani lugha ya pamoja iliyojengwa juu ya matamshi ya Beijing, na mtu wa Fuzhou akikutana na mtu wa Xiamen watabaki kutazamana kama Mkikuyu na Mgiriama wasiojua Kiswahili.

Nilifika Fuzhou mwezi wa Novemba 2024. Nilipopanda treni ya chini ya ardhi, nilisikia majina ya vituo yakitangazwa kwa Putonghua, kwa Kifuzhou, kisha kwa Kiingereza. Nilifurahi sana, nikasema moyoni kwamba hawa ni watu wanaoienzi lugha yao. Baadaye nilianza kuwasikiliza abiria. Putonghua ina toni nne na Kifuzhou kina saba, kwa hivyo hata sikio geni kama langu laweza kuhisi tofauti. Wazee wawili waliokuwa mbele yangu walizungumza kwa toni nyingi. Vijana na watoto waliotuzunguka walizungumza Putonghua tupu. Niliona ajabu kwamba lugha yaweza kupata kipaza sauti ilhali inakosa vinywa.

Kutoka Fuzhou hadi Quanzhou ni mwendo kama wa kutoka Nairobi hadi Nakuru. Reli mpya iliyofunguliwa Septemba 2023 ina treni zinazokwenda kasi ya kilomita 350 kwa saa. Huvuka ghuba za bahari juu ya madaraja marefu na kukufikisha kabla hujamaliza gazeti lako. Katika mwendo huo mfupi nilipita nchi za lugha tatu: Kifuzhou, Kiputian na Min ya kusini.

Mwenyeji wangu pale Quanzhou alikuwa mhadhiri mwenzangu wa isimu, mzawa wa mji huo. Alinikaribisha nyumbani kwake kwa chai ya Anxi, wilaya ya milimani inayosifika kwa zao hilo. Huko hawanywi chai kwa vikombe vikubwa vya maziwa kama tunavyokunywa sisi. Vikombe vyao ni vidogo mno, vidogo kama vile vya kahawa tungu ya Mombasa, na hujazwa tena na tena huku mazungumzo yakiendelea.

Mazungumzo yetu yalianza na chai yenyewe. Lugha nyingi za ulimwengu huita kinywaji hiki kwa mojawapo ya maneno mawili. Liko neno cha, lililosafiri hadi Uajemi na Bara Hindi, likageuka na kutufikia sisi kama chai. Liko pia neno te, la wasemaji wa Min ya kusini, ambalo mabaharia wa Kiholanzi walilibeba pamoja na bidhaa hiyo hadi Ulaya, ambako Waingereza na Wafaransa walilipokea. Kwa hivyo Mkenya anayeagiza chai asubuhi kwa Kiswahili na jioni kwa Kiingereza hutamka, pasi na kujua, lugha mbili za Uchina katika kikombe kimoja.

Mwenzangu alinieleza kwamba te si neno la kubahatisha. Mahali pengi ambapo Putonghua ina sauti inayokaribia ch au j yetu, Min ya kusini ina t. Mianzi kwa Putonghua ni zhu, kwa Min ni tik. Nguruwe ni zhu yenye toni nyingine, kwa Min ni ti. Nilichukua karatasi nami nikamwandikia maneno yetu: mtele na mchele, mato na macho, matozi na machozi, na ile kahawa tungu iliyokwisha kutajwa. Safu moja ilikuwa Kimvita, nyingine Kiswahili sanifu. Nilimtahadharisha kwamba hapa hapana undugu wa kihistoria: t ya kwao ndiyo sauti ya kale na majirani ndio waliobadilika, ilhali t ya Kimvita ilizuka baadaye. Lakini tulipoendelea tuligundua kwamba kilichotuunganisha hakikuwa historia ya sauti bali historia ya aibu.

Alinisimulia jinsi watu wa Fujian wanavyochekwa wanapokwenda mikoa mingine. Lugha za Min hazina sauti f, na mtu asipojihadhari hata jina la jimbo lake hulitamka Hujian. Mzaha huo umeenea Uchina kote. Mimi nikamsimulia habari ya insha yangu. Katika miaka ya 1980, nikiwa mwanafunzi wa shule ya msingi mjini Mombasa, niliandika kuhusu siku niliyoanguka ndiani nikatokwa na matozi. Mwalimu wangu, ambaye alikuwa mtu mwema na mwenye bidii, alipiga mstari mwekundu chini ya maneno ndiani na matozi, kisha akaandika pembeni: Andika Kiswahili! Nami sikujua lugha nyingine iliyostahili jina hilo zaidi ya ile ambayo nyanya alinilea nayo.

Tulikuwa tungali tunacheka wakati mama yake mwenyeji wangu, ajuza aliyepita miaka 80, alipoingia sebuleni. Alimwambia mjukuu wake, msichana wa miaka tisa, maneno machache kwa upole. Mtoto akamtazama baba yake. Baba akatafsiri. Mtoto akajibu kwa Putonghua, na baba akamgeukia mama yake akatafsiri tena. Mtaalamu wa lugha alikuwa mkalimani kati ya mamake na bintiye, ndani ya nyumba moja, kwenye meza moja ya chai.

Nilimwuliza ilikuwaje. Alinijibu kwamba hakuna aliyewakataza. Yeye na mkewe walipiga hesabu tu: mitihani ni kwa Putonghua, kazi ni kwa Putonghua, na siku ya mtoto ni fupi. "Hii ya nyumbani tulidhani ataiokota mwenyewe," akasema, na akajaza vikombe.

Nilitaka kutikisa kichwa, lakini nilikumbuka Desemba moja kwetu Mombasa. Binti yangu, aliyezaliwa na kukulia Nairobi, alikuwa uani. Mama yangu akamwita kutoka jikoni: "Ndoo, mwanangu!" Kwa Kimvita hiyo ni kusema njoo. Mtoto akatoka mbio, akaingia bafuni na kurejea na ndoo ya maji. Tulicheka sote, na mama alicheka zaidi yetu. Tangu siku hiyo, hata hivyo, mama huzungumza na mjukuu wake kwa Kiswahili cha taarifa ya habari, polepole, akichagua maneno kama mtu anayechagua mawe kwenye mtele. Na hadithi zake zimepungua. Sikuliona hilo hadi nilipokuwa nimeketi Quanzhou.

Kesho yake nilitembezwa mjini. Waarabu wa zama za kati waliuita mji huu Zaitun, na wakati huo bandari yake ilikuwa miongoni mwa kubwa kabisa duniani. Ibn Battuta, ambaye alipita Mombasa na Kilwa mwaka 1331, anasimulia kwamba alishuka Zaitun miaka kama kumi na mitano baadaye. Msikiti wa Qingjing, uliojengwa kwa mawe mwaka 1009, ungali unasimama barabarani, na mnamo 2021 UNESCO iliuorodhesha mji huu katika urithi wa dunia. Katika jumba la makumbusho ya bahari yamekusanywa mawe mengi ya makaburi na ya mahekalu: mengine yana maandishi ya Kiarabu, mengine michoro ya Wahindu wa kusini mwa Bara Hindi, mengine misalaba.

Wafanyabiashara hao walioa, wakazaa, wakabaki. Katika vijiji vya pwani karibu na Quanzhou zipo koo za Ding na Guo ambazo huhifadhi vitabu vya nasaba na makaburi ya mababu waliotoka Uarabuni na Uajemi. Lugha ya mababu hao haimo vinywani mwa wazawa wao. Imebaki juu ya mawe. Sitaki kulia kupita kiasi. Koo hizo hazikuwa bubu. Ziliifanya Min kuwa lugha yao na zikaimba na kupatana bei ndani yake kwa karne nyingi. Lugha hubadilishwa na watu tangu dunia iumbwe. Tofauti ni kwamba zamani badiliko kama hilo lilichukua vizazi vingi, na siku hizi linakamilika kati ya nyanya na mjukuu, wote wawili wakiwa hai na wakitazamana.

Haki isemwe pia. Uchina ilihitaji lugha ya pamoja. Mwaka 1956 serikali ilitoa agizo la kueneza Putonghua, mwaka 1958 ikaidhinisha maandishi ya pinyin yanayowasaidia watoto kujifunza matamshi, na tangu Januari 1, 2001 matumizi ya lugha hiyo yana sheria yake. Fikiria mwalimu anayepelekwa bonde la pili akakuta hawezi kuelewana na wanafunzi, au mgonjwa asiyeweza kumweleza daktari anapoumwa. Wilaya ya Datian, iliyo milimani katikati ya Fujian na yenye lahaja nyingi, ilisifiwa nchini kote mwaka 1958 kwa juhudi zake za kujifunza Putonghua. Watu wale hawakuwa wajinga. Walitaka mlango, na mlango ukafunguliwa. Nani kati yetu, tunaofunza madarasa yenye watoto wa lugha kumi, atakayewalaumu?

Lawama inaanza pale mlango mmoja unapofunguliwa na mwingine ukapigwa misumari. Ng'ambo ya mlangobahari, katika Taiwan, watoto waliosikika wakizungumza Min ya kusini shuleni walitozwa faini au kuvikwa kibao shingoni, na mtindo huo uliendelea kwa miongo kadhaa baada ya vita vikuu vya pili. Msomaji wa Kenya hahitaji kuelezwa kibao hicho ni kitu gani. Marehemu Ngũgĩ wa Thiong'o alikieleza kile cha kwetu katika kitabu chake cha mwaka 1986, na wazee wengi wanaosoma ukurasa huu walikivaa. Tangu 2001 shule za msingi za Taiwan zimekuwa zikiifunza lugha ile ile iliyoadhibiwa. Ni jambo la kupongezwa, ila kipindi cha wiki hakiwezi kufanya kazi iliyokuwa ikifanywa na jiko la nyumbani.

Uwanja wa ndege wa Fuzhou uko Changle, kwa hivyo siku ya kurejea nilipitia mji huo kuona jiwe moja. Ni hapo ambapo meli za jemadari Zheng He zilikuwa zikingoja upepo wa kaskazini mashariki uwachukue mabaharia kuelekea kusini. Sisi tunamjua nduguye upepo huo, tunamwita kaskazi. Mwaka 1431, wakijiandaa kwa safari yao ya saba na ya mwisho, mabaharia hao walisimamisha jiwe la shukrani kwa Tianfei, mlinzi wa wasafiri wa baharini, na juu yake wakachonga habari za safari zilizotangulia.

Nilisomewa orodha ya nchi na zawadi zao. Aden ilitoa mnyama ambaye, kwa mujibu wa jiwe, wageni humwita zulafa: ndilo neno la Kiarabu la twiga, limevikwa alama za Kichina. Mogadishu ilitoa pundamilia na simba. Kisha likafuata jina Bulawa, lililotoa ngamia na mbuni. Bulawa ni Barawa, na moyo ulinishtuka, kwa sababu Barawa ni mji wa jamaa zetu. Wenyeji wake wa asili huzungumza Chimiini, tawi la kaskazini kabisa la Kiswahili. Vita vilivyoisambaratisha Somalia mwaka 1991 viliwatawanya. Wengi walikimbilia Mombasa, na kutoka hapo wengine wakaenda Uingereza na Marekani, ambako watoto wao wanakulia katika Kiingereza. Jina la mji limedumu kwenye jiwe la Changle kwa karne karibu sita. Lugha ya mji hainufaiki na jiwe. Yahitaji mtoto wa kuisema.

Turudi ngamani sasa. Kiswahili sanifu nacho kilichaguliwa. Mkutano uliofanyika Mombasa mwaka 1928 ulikubali Kiunguja kiwe msingi, na kamati ya lugha ya Afrika Mashariki ikaanza kazi mwaka 1930. Siutilii shaka uamuzi huo wala siombi mitihani iandikwe kwa Kimvita. Bila ya usanifishaji, gazeti hili lisingesomeka kutoka Lamu hadi Busia, na mimi nisingekuwa na kazi. Ninachouliza ni kwa nini tuliamini kwamba ili sanifu isimame, kingine lazima kilale.

Tazama namna tunavyojipinga wenyewe. Katika kipindi cha fasihi tunamsifu Muyaka bin Haji, na tunamsoma Abdilatif Abdalla wa Sauti ya Dhiki, diwani ya 1973 iliyoandikwa kwa Kimvita. Tukikutana humo na maneno ya lahaja, tunawaambia wanafunzi kuwa huo ni uhuru wa mshairi. Saa mbili baadaye, katika kipindi cha insha, mtoto wa Mombasa au wa Lamu akiandika neno lile lile tunampiga mstari. Neno moja, kipaji katika mkono wa mshairi na kosa katika mkono wa mtoto. Hata mimi simo nje ya lawama hii. Miaka michache iliyopita mwanafunzi wangu kutoka Lamu aliandika mato katika tasnifu yake, nami, niliyeaibishwa kwa matozi, nikalizungushia neno hilo duara jekundu bila ya kufikiri mara mbili.

Siku hizi ninafanya hivi, na ninawaomba walimu wenzangu mlijaribu. Nikiona neno la lahaja naliacha bila ya mstari, kisha pembeni naandika: Kimvita, katika sanifu ni machozi. Au Kiamu, au Kipemba, kama itakavyokuwa. Mwanafunzi anajua la kuandika katika mtihani, na anajua pia kwamba nyumbani kwao hakukosewi. Na anayetoka katika jamii isiyo ya Waswahili, akiingiza muundo wa lugha ya mama, aelezwe kwamba lugha zote mbili zina kanuni na hapa amechanganya kanuni, badala ya kuambiwa kwamba amesema kishenzi. Katiba yetu ya 2010, katika kifungu cha 7, inalitaka taifa likuze uanuwai wa lugha zake. Kifungu hicho hakitatekelezwa na waziri pekee. Kitatekelezwa pembeni mwa daftari.

Nanyi wanafunzi, msingoje makumbusho. Waketini wazee wenu na muwaulize wanavyoita vitu vya jikoni, vya shambani na vya baharini, muandike. Sisi wazazi tuna wajibu mzito zaidi, maana shule haijapata kulea lugha iliyotupwa nyumbani. Mwenyeji wangu wa Quanzhou aliniandikia hivi majuzi kwamba sasa kila jioni, wakati wa chai, Putonghua hairuhusiwi mezani kwa muda wa kikombe cha kwanza hadi cha tatu. Binti yake hulalamika, lakini hakosi kuja.

Mimi nami niliporudi nilimwomba mama aache Kiswahili cha taarifa ya habari. Nilimweleza binti yangu kuhusu mtele na mchele, na kuhusu te na chai, akaona ni mchezo wa kupendeza. Likizo iliyopita tulikuwa tena Mombasa. Mama akaita kutoka jikoni: "Ndoo, mwanangu!" Binti yangu alikwenda mikono mitupu, akaketi.